Ingobyi kwenye Mtutu wa Bunduki

Krach. Kimya kidogo. Krach.

Akimana alifumbua macho gizani, akasikiliza. Sauti ilitoka jikoni: mkasi unapita kwenye nguo, taratibu, kama wa mtu anayeogopa kuamsha watu. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya Machi ilikuwa imetoa jasho kwenye kioo cha dirisha. Aligusa upande wa pili wa kitanda, ulikuwa baridi. Akatabasamu peke yake. Tangu Jumapili mume wake Kiplagat alikuwa ameahidi kupunguza suruali mpya ya Nishimwe, ile inayoburuzika mpaka kwenye ngazi za shule. Mwanaume wa kuamka alfajiri akapunguza suruali ya mtoto ambaye hakumzaa! Alivuta blanketi mpaka kidevuni, akalala tena na utamu huo.

Kilichomwamsha mara ya pili ni harufu. Ilikuja chini ya mlango, kali, kama ndizi iliyooza ndani ya petroli, ikamkaa kooni. Alijifunga khanga, akaenda jikoni.

Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya meza. Meza ileile anayokandia chapati. Chini yake gazeti moja tu, na mafuta yalikuwa yameshapita gazeti yakaingia kwenye mbao. Kiplagat, mrefu, mwembamba, alikuwa na fulana nyeupe na suruali mpya ya kijani yenye mifuko mpaka magotini. Alikuwa anasukuma ufito mwembamba ndani ya mtutu. Ncha ya ufito ilitoka upande wa pili na kitambaa cha mraba, cheusi, kinachochuruzika.

"Umeamka, bebi? Cheki, ile list nimemaliza karibu yote." Alianza kuhesabu kwa vidole vyenye weusi. "Mkeka wa kulalia, iko. Mkanda wa mkono, uko. Vizibo vya masikio, miwani, maji. Na vitambaa vikuukuu vya pamba, vimekatwa mraba. Kesho jioni Wayne wa kazini ananipitia, Jumamosi saa mbili tuko kwa uwanja huko West Virginia, tumelala kwa tumbo, tunalenga."

Akimana hakuwa anamsikiliza. Kwenye kitambaa kimoja ambacho bado hakijatumika aliona bawa la ndege wa njano, limepauka kwenye rangi ya buluu. Kwenye kingine, mdomo wa ndege huyohuyo.

"Hiyo nguo umeitoa wapi?"

"Hii? Kwa ile mfuko ya matambara, chini ya sinki."

Mate machungu yalimjaa mdomoni. Alikimbilia sinki, akainama, akatapika chai ya jana.

Kiplagat aliacha ufito. Uso wake ukafunguka taratibu kama mtu aliyepewa habari njema. "Aki," alinong'ona, akamshika shingo kwa nyuma. "Usiniambie... kwani tunapata mtoto?"

"Nitoe hiyo mikono!" Akimana alijinasua. Aliuhisi ubaridi wa mafuta kwenye ngozi yake, akajifuta kwa khanga, akajifuta tena. "Mtoto gani? Hiyo ni ingobyi ya mtoto wangu! Nguo niliyombebea Nishimwe mgongoni! Nimetoka naye kambi ya wakimbizi Nyarugusu ndani ya hiyo, nimeshuka naye kwenye ndege ndani ya hiyo, na wewe unaitia kwenye tundu la bunduki?"

"Lakini ilikuwa kwa matambara!"

"Kwa hiyo mtoto wangu kabebwa kwa tambara."

"Sijasema hivyo, Aki."

"Umesema, nimesikia."

Nishimwe alitokea mlangoni, miaka saba, nywele zimesimama upande mmoja, mkono puani. "Kitu gani kinanuka?"

"Kiulize kitu chenyewe," alisema mama yake. Alichukua kipande kikubwa cha ingobyi kilichobaki kitini, akakikunja kifuani, akaenda kumvalisha mtoto. Vile vyeusi hakuvigusa. Hakuweza.

Na hawa ni watu walioanza kwa kinyaa hichohicho, ila wakati ule kilikuwa kitamu. Walikutana Jumamosi moja dukani Silver Spring, hukuhuku Marekani, lile duka la vyakula vya kwetu ambalo foleni ya sombe, majani ya muhogo, hufika mpaka barabarani. Akimana alikuwa na gauni la kitenge la njano lenye mikono ya kuvimba na kilemba chekundu, amekumbatia mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa kwao. Sauti ikatoka nyuma yake.

"Samahani, dada. Hizo ni za kuku ama ni za watu?"

Aligeuka. "Ni za watu wenye adabu. Kuku wako wanapangaje foleni?"

Foleni nzima ilicheka. Jamaa naye alicheka, akaonyesha meno yote. "Sisi kwetu Kapsabet hatuli kitu kinakuangalia. Sisi ni maziwa tu. Tunaweka kwa kibuyu, tunapaka makaa ya mti, inakaa siku kadhaa, inatoka na rangi ya mvua."

"Maziwa yenye makaa! Na mimi ndiye mchafu!"

Baada ya miezi minne jamaa huyo, Kiplagat, alikuwa anatafuna vichwa vya ndagala amefumba macho, na Akimana anakunywa yale maziwa ameziba pua, na kila mmoja anamwambia mwenzake, hiki nafanya kwa sababu yako tu. Walifunga ndoa kanisani, miezi minane iliyopita.

Bunduki haikuwahi kuwa mzaha. Kiplagat aliinunua Januari, kwa fomu zote na ukaguzi wote, akaifungia kwenye sanduku la chuma juu kabatini, na makubaliano yalikuwa kwamba sanduku halifunguliwi mtoto akiwa nyumbani. Tangu hapo kila jioni alilala kifudifudi kwenye zulia, mkanda umezungushwa kiwiko, fimbo ya ufagio badala ya bunduki, akijifunza kuvuta pumzi, kuachia nusu, kutulia. Nishimwe alimpanda mgongoni akicheka. Akimana aliangalia ukutani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba mtaani kwao Bujumbura aliposikia milio ya risasi usiku mpaka akajua kuihesabu. Hakuwahi kumwambia. Na yeye Kiplagat hakuwahi kusema yale mafunzo ya siku mbili ya West Virginia, katika milima isiyo na hata mtandao wa simu, aliyatakia nini hasa.

Jioni ya Alhamisi hiyo Kiplagat aliporudi kutoka Manassas, anakoendesha foklifti kwenye ghala, alikuta taa zimezimwa. Akapiga simu.

"Mko wapi?"

"Kwa Flaviana, College Park."

"Mnarudi saa ngapi?"

"Rudi kwa bunduki yako."

"Bebi, nisikize..."

"Usiniite bebi. Nikikumbuka ulivyonishika shingo natamani kujisugua kwa brashi ya choo."

"Sikujua, Aki. Haki ya Mungu."

"Hukuuliza!"

"Na wewe hukuniambia."

Akimana alikata simu. Flaviana, Mtanzania wa Kigoma, rafiki yake wa darasa la jioni la uuguzi, alikuwa kwenye kiti amevaa dera la zambarau, anamenya viazi na masikio yote yako wazi.

"Mwenzangu," alisema, "nikuulize kitu na usinune?"

"Uliza."

"Iliingiaje chini ya sinki?"

Akimana aligeuka kutazama mlango. Sebuleni Nishimwe alikuwa anachora, penseli inakwaruza.

"Wiki ya harusi," alisema hatimaye, "walikuja shangazi zake kutoka Minnesota. Wamevaa, unajua, suti, viatu vya kung'aa, mmoja daktari. Waliwekewa chumba changu. Nikafungua droo nikaiona ile nguo. Imepauka, ina tundu, ukiinusa bado ina moshi wa kuni wa kambini. Nikasema wakiiona wataniuliza. Nikaisokomeza kwenye matambara. Nikasema wakiondoka naitoa."

"Hukuitoa."

"Sikuitoa. Mama yangu aliinunua soko la Kasulu, wiki niliyojifungua. Aliuza mgao wake wa mafuta ya kula ili aipate. Alikufa palepale kambini, kaburi lake nimeliacha huko. Na mimi nikamficha chini ya sinki, Flaviana. Na sifongo za vyombo." Sasa kile kinyaa kilichokuwa kikimchoma tangu asubuhi kilimgeukia yeye mwenyewe, na hakikuwa na pa kutapikia.

Flaviana aliweka kisu. "Yeye kakosa," alisema. "Kufungua lile sanduku mtoto yumo ndani, hapo hata mimi ningemtimua. Lakini lile la nguo mligawane."

Kiplagat usiku ule hakula. Alijaza beseni maji ya moto, akamwaga sabuni ya vyombo, akaviosha vile vitambaa vilivyotumika. Vilikuwa kumi na kimoja. Aliviosha mara nne, kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Weusi ulififia ukawa kijivu, harufu haikutoka. Ijumaa asubuhi kabla ya kazi, kwao Kapsabet ikiwa mchana, alimpigia mama yake.

"Mama, mimi ulinibeba na nini?"

"Na leso. Na nini tena? Kwani mke wako ana mimba?"

"Hapana. Hiyo leso ulitupa?"

"Nitaitupa aje? Iko kwa sanduku. Wewe ulikojoa hapo mwaka mzima." Mama alicheka, kisha akaacha. "Mbona unaongea kama mtu mgonjwa?"

Kiplagat alikuwa ameleta mkono usoni kujifuta macho, na harufu ile ikamfikia kwenye vidole vyake, ndizi mbovu na petroli, baada ya kunawa kote kule. Kwa mkono huu humfunga Nishimwe kamba za viatu. Alienda kazini akiwa ameweka sanduku la chuma nyuma ya gari.

Saa kumi na moja jioni Akimana aliamua kupiga simu. Alikuwa amepanga maneno yote, tangu Bujumbura mpaka chini ya sinki. Simu haikupatikana. Akapiga tena saa kumi na moja na nusu. Haikupatikana.

"Huko milimani hakuna mtandao," alisema kwa sauti ndogo. "Ameenda. Ametuacha hapa, ameenda kulala kwa tumbo na wenzake." Aliitupa simu kitandani kama kitu kilichooza, akaketi na kile kipande cha ingobyi mapajani, na kwa mara ya kwanza alijiambia wazi kwamba Jumatatu angetafuta chumba cha watu wawili.

Mlango uligongwa saa kumi na mbili kasoro. Flaviana alifungua, akatazama, akasema tu, "Karibu, shemeji," kisha akajitia kazi nyingi jikoni.

Kiplagat alikuwa na sweta lake la kazini na kofia mkononi. Mkononi pia alikuwa na mfuko wa plastiki wa kufungia chakula, umefungwa vizuri.

"Nilikupigia," alisema Akimana.

"Chaji iliisha. Nilikuwa kwa foleni pale dukani, ile duka ya bunduki. Nimeirudisha, watauza wenyewe. Na Wayne nimemwambia siendi."

"Mimi sikukuambia uirudishe."

"Najua. Lakini ulisema ninuse mikono yangu."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema ya brashi ya choo. Ni karibu tu." Karibu acheke, hakuthubutu. Alimpa ule mfuko. "Ziko kumi na moja. Nimeosha, zimekataa. Lakini sikutaka uhesabu ukose hata moja."

Akimana aliangalia mabawa yale ya kijivu kupitia plastiki. Harufu ilikuwepo bado, nyembamba. Alimeza mate.

"Kwa nini ulitaka kwenda, Kip? Niambie mara moja tu, ukweli."

Kiplagat alizungusha kofia. "Miaka sita niko pale Manassas. Wananijua jina, wananisalimia. Hakuna mtu aliwahi kuniambia, njoo. Hata kula mchana. Wayne ndiye wa kwanza. Angesema tukavue samaki ningeenda. Alisema bunduki, nikanunua bunduki."

Akimana aliijua hali ya kula chakula cha mchana peke yako ndani ya gari, injini inanguruma kwa ajili ya joto. Hata yeye.

"Mimi ndiye niliyeiweka kwenye matambara," alisema. "Niliwaonea aibu shangazi zako. Na bunduki naichukia kwa sababu nyingine, ni hadithi ndefu, nitakwambia yote tukikaa. Lakini lile sanduku ulilifungua mtoto akiwa amelala chumba cha pili. Hilo sijalimaliza."

"Usilimalize. Niulize hata kesho."

"Nitakuuliza hata mwaka kesho." Alivuta pumzi. "Mwambie huyo Wayne aje Jumapili ijayo, ale. Nitampikia."

"Ndagala?"

"Kwani yeye ni nani asile?"

Hapo Kiplagat alicheka, na kicheko kikamkatika katikati kikawa kitu kingine. Alinyoosha mkono, akausimamisha hewani, hajui kama unaruhusiwa. Akimana aliutazama. Akauchukua, akauleta karibu na pua yake, akakunja uso.

"Bado unanuka, sheri wangu."

"Najua."

Hakuuachia. Walisimama hivyo mlangoni, baridi ya nje inaingia, Flaviana akigonganisha sufuria zisizo na kitu ndani, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kama jioni ile wangeondoka watatu au angeondoka mmoja.

Nishimwe alipita katikati yao na begi lake mgongoni, akawaangalia wote wawili.

"Mimi nimeshavaa viatu," alisema.