Galoni la Bluu Dukani kwa Mama Mapovu

Tuseme ukweli mapema, tusije tukaonekana tunamficha mtu: siku ile mjinga alikuwa Pua. Huyu ni mpelelezi mstaafu wa polisi, sasa mkaguzi wa mazingira wa jiji, aliyepewa jina hilo kwa sababu hudai kwamba uongo una harufu. Basi siku ile uongo ulipita mbele ya pua hiyo ukiwa umebebwa, na mbebaji alikuwa yeye mwenyewe.

Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa dukani kwa Mama Mapovu, chupa yake mkononi kama mteja yeyote. Duka lile haliuzi chupa. Jiji limepiga marufuku plastiki za kutupa, na Mama Mapovu alilielewa jiji lake kabla wenzake hawajamaliza kunung'unika. Mteja huja na chombo chake, hukipima kikiwa kitupu, huandika uzito ubaoni kwa chaki kando ya jina lake, hujaza sabuni kwenye bomba la pipa, kisha hupima tena. Anayejaza bila kupima huzomewa na foleni nzima. Sabuni yenyewe hutokana na mafuta yaliyokwisha kukaangia, ambayo Mama Mapovu na wifi yake huyakusanya kwa baiskeli kwenye majiko ya hoteli. Alianza na sufuria moja na hoteli mbili. Miaka mitatu baadaye ana mapipa matatu na hoteli kumi na nane, na mtaro wa nyuma ya duka ni safi kiasi kwamba vyura wamehamia.

Nyuma ya Pua alisimama Mwalimu, mzee aliyemfundisha Mama Mapovu kutengeneza sabuni, akihangaika na galoni la bluu la lita tano. Pua akampokea, akalipandisha kwenye mizani.

"Mwalimu, mgongo umestaafu? Galoni linakutoa jasho!"

"Uzee, mwanangu," alijibu Mwalimu, akaandika ubaoni.

Kisha Pua akamwomba Mama Mapovu amwonyeshe tangi jipya la maji ya mvua. Walikaa uani robo saa, yeye akilisifia tangi kama mtu anayeposa. Waliporudi, duka lilikuwa tupu.

Saa tano mpishi wa hoteli ya jirani aliingia na ndoo, uso umemvimba kwa hasira.

"Mama, hii ni sabuni au uji uliokatika?"

Ndani ya ndoo kulikuwa na maji yenye mabonge meupe. Mama Mapovu alifunua pipa la kati: mabonge yaleyale. Kibali chake cha biashara safi kilikuwa kinaisha siku ileile, na mkaguzi wa kukisaini kabla ya saa kumi alikuwa Pua. Sabuni mbovu, hakuna saini. Hakuna saini, duka linafungwa.

Pua alifika saa sita, safari hii na faili.

"Mimi na wewe tunafahamiana, lakini kalamu haifahamiani na mtu," alisema. "Kumeingia nini humu?"

Mama Mapovu alichovya kidole pipani, akakigusisha ulimini, akatema.

"Chumvi. Kidogo huikaza sabuni. Ikizidi, inaikata."

Pua naye akaonja. Alionja kwa kidole kizima, na kwa dakika tano zilizofuata alihoji watu huku povu likimtoka pembeni mwa mdomo.

Alianza na jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyewahi kuuza sabuni za chupa na sasa anauza mifagio.

"Jiji limekuulia biashara, Mama Mapovu kainyanyua yake. Huna kinyongo?"

"Ninacho, tena kikubwa," alisema jirani. "Lakini nani kamwekea sumu?"

"Nani kasema sumu?"

"Si unatokwa na povu mdomoni, mzee?"

Wifi aliangua kicheko. Pua akamgeukia.

"Wewe unacheka, na pipa umelikoroga wewe alfajiri. Chumvi unaweka wewe."

"Naweka kijiko kimoja, na mkebe wa chumvi huo hapo. Nimeufungua leo. Hesabu vijiko vilivyotoka, kama hutauramba na huo."

Mkebe ulikuwa umejaa, umepungua kijiko kimoja tu. Na tangu saa moja hadi saa nne wifi alikuwa barabarani akikusanya mafuta. Mpishi mwenyewe alimshuhudia saa mbili na nusu jikoni kwake.

Ilikuwa saa nane. Pua aliketi kwenye kigoda, kichwa mikononi. Jirani anajua kuuza sabuni, hajui kuiua. Aliyefanya hili anajua chumvi inafanya nini, na aliileta kutoka nje ikiwa imeshayeyuka, kwa sababu chumvi kavu ingebaki chini ya pipa. Ameileta na nini? Humu hakuna aingiaye na chombo bila...

Akainua macho ubaoni. Akasoma mstari mmoja. Akausoma tena, kisha akajipiga kofi la paji la uso hadi wifi akashtuka.

"Mama, mpigie Mwalimu. Mwambie asubuhi aliondoka bila sabuni, aje na galoni lake, utampa ya pipa jingine."

Saa tisa Mwalimu aliingia, galoni linaning'inia kwenye kidole kimoja.

"Shikamoo Mwalimu," alisema Pua. "Leo mgongo umepona?"

"Marahaba. Namshukuru Mungu."

"Hebu pima."

Mwalimu akaliweka galoni kwenye mizani. Robo kilo. Pua akaelekeza kidole ubaoni: *Mwalimu, chombo kitupu, kilo tatu.* Safu ya pili, ya uzito baada ya kujaza, ilikuwa wazi.

"Huu mwandiko wa nani?"

Mzee aliutazama mwandiko wake kama mtu aliyekutana na mdai wake njiani.

"Lilikuwa na maji ya chumvi," Pua aliendelea. "Nililinyanyua mimi, nikakutania mimi, nikamtoa Mama dukani mimi. Ulichohitaji ni pipa na mwiko. Ninachouliza ni kimoja: kwa nini uliandika?"

"Unataka niingie dukani nisipime?" Mwalimu alifoka, amekwazika kweli. "Utaratibu huo nimewafundisha mimi! Mkono ulikwenda wenyewe."

Wifi alitaka kucheka, akaona uso wa Mama Mapovu, akaacha.

"Kwa nini, Mwalimu?" aliuliza Mama Mapovu.

"Unaniuliza kwa nini? Nina vyeti ukutani. Nina duka, nina sabuni. Jiji zima linasema Mama Mapovu, Mama Mapovu! Nilitaka wakufungie mwezi mmoja tu, nione kama watanikumbuka."

Pua alifungua faili. Aliandika kwamba pipa moja limeharibiwa na mtu wa nje, kwamba mapipa mawili ni salama, kwamba mwenye duka alitambua kasoro kwa ulimi wake na kuitaja bila kuficha. Akasaini kibali saa tisa na dakika arobaini. Katika miaka yake yote ya kazi, alimwambia wifi kwa sauti ya chini, hajaona duka ambalo hata mhalifu wake anatii sheria zake.

"Pipa utalilipa," alimwambia Mwalimu, "na Jumatatu utafika ofisini kwangu kueleza mengine."

Lakini mzee hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amemkodolea macho mwanafunzi wake.

"Usijifanye umeonewa. Wewe ndiye uliyeniibia wateja."

Mama Mapovu alikuwa ameshaanza kulisafisha pipa. Hakuinua kichwa.

"Duka lako liko mwanzo wa mtaa, Mwalimu. Hakuna aliyefika kwangu bila kupita mlangoni kwako."