Folda ya Mama

Lifti ya jengo la mafundi iligoma. Ililia tii, tii, tii, mlango ukajifunga nusu, ukafunguka tena, na watu kumi na wawili waliobanana mle ndani wakamgeukia mtu mmoja. Alikuwa dada aliyekumbatia kasha la kompyuta lililofungwa kwa kitenge cha zambarau, kama mtu anayempeleka mtoto hospitali. Alivaa gauni la kijivu lililopigwa pasi hadi likanyooka kama ubao, na miwani yake ilikuwa imeteleza kwa jasho mpaka ncha ya pua. Mkono wa kuirudishia hakuwa nao.

"Dada, shuka tuondoke," sauti ilitoka nyuma.

"Mimi nimeingia wa tatu. Aliyeingia wa mwisho ndiye ashuke."

Wa mwisho alikuwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililokunjwa mikono na bisibisi nyuma ya sikio. Hakubisha. Alitoka nje, akanyoosha mikono.

"Nashuka. Ila nipe hilo kasha, lifti ipumue."

"Kasha langu liende na wewe, mimi niende na lifti? Halafu tukutane wapi, kituo cha polisi?"

Lifti nzima ikacheka. Dada naye, bila kupanga, akajikuta ameshuka. Wakapanda ngazi ghorofa sita, kijana mbele na kasha, dada nyuma akilinda kasha lake, na walipofika juu walikuwa wameshaulizana nusu ya maisha yao.

Dada alikuwa mchapaji. Alikuwa na chumba kimoja mkabala na mahakama, chenye meza mbili, mashine ya kutoa kopi, na shangazi yake aliyekaa kwenye hiyo mashine na kuwapa wateja ushauri ambao hawakuuomba. Kijana naye alikuwa fundi wa kompyuta. Jengo zima lilimwita Bisibisi, na hata yeye akiitwa kwa jina la kwenye cheti alichelewa kuitika.

Bisibisi alilifungua kasha, akapuliza vumbi, akaliwasha. Wakasubiri. Wakamaliza chupa ya maji wakisubiri.

"Mashine ni nzima," alisema. "Mfumo unaoiendesha ndio umechoka. Waliouunda wameshaacha kuuhudumia. Ningekuwa wewe ningehamia mwingine kabisa, mwepesi, tena wa bure. Ila utakuwa mgeni, itabidi ujifunze upya."

"Huu wa zamani mikono yangu inaujua hata nikifumba macho."

"Mikono hujifunza."

Mchapaji akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia fundi yeyote. "Humo ndani yumo mama yangu."

Marehemu mama yake alikuwa katibu muhtasi wa miaka thelathini, na ndiye aliyemfundisha kuchapa kwa kumsomea imla. Alipougua, akashindwa kukaa kitini, alijirekodi kitandani akisoma barua za kubuni, ili binti aendelee na mazoezi hata peke yake. "Kwa mkurugenzi, mkato, naomba radhi kwa kuchelewa kujibu, nukta, aya mpya. Kaa wima, mwanangu, mgongo huo hauna wa akiba." Zilikuwa rekodi thelathini na saba. Mama alikuwa ameondoka miaka minne iliyopita, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango kwa wateja, mchapaji alicheza rekodi moja akachapa nayo.

"Zikipotea, fundi, nitakuwa nimefiwa mara ya pili."

Bisibisi aliitoa bisibisi nyuma ya sikio, akaiweka mezani. "Hazitapotea," alisema, na hakutania.

Na kweli hazikupotea. Siku ya tatu mashine ilirudi, inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti, na folda iliyoandikwa Mama imo ndani na rekodi zake zote. Mchapaji alishukuru mpaka Shangazi akakohoa. Kilichobaki kilikuwa kuuzoea ugeni, na hapo ndipo simu zilipoanza.

"Fundi, kitufe cha kuanzia kimeenda wapi?"

"Habari ya asubuhi na wewe pia."

"Nzuri. Kimeenda wapi?"

"Juu, kushoto."

"Nani anaanzia juu?"

"Kila anayesoma kitabu."

Baada ya dakika kumi, simu tena. "Inataka neno la siri. Naliandika, hakitokei chochote. Hata kijinyota."

"Linaandikika, ila halionekani. Endelea tu."

"Nichape bila kuona?"

"Si ndivyo unavyochapa siku zote? Nimekuangalia. Macho kwa mteja, vidole kazini."

Mchapaji alikata simu akitabasamu peke yake. Kumbe ameangaliwa.

Bisibisi alimchorea ramani kwenye karatasi ya manila, upande mmoja ameandika Zamani, upande wa pili Sasa, na mishale katikati, akaibandika ukutani juu ya meza. Mishale mingine haikueleweka, ikabidi aje kuieleza mwenyewe. Alikuja saa saba mchana ya Jumatatu, akaja ya Jumanne, na ilipofika Ijumaa alikuja amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, hebu nieleweshe. Hii kompyuta inaugua saa saba tu?"

"Iko kliniki, Shangazi."

"Haya. Mganga umependeza leo."

Mwezi wa pili simu zilikuwa zimeacha kabisa kuhusu kompyuta. Ilikuwa umekula, mpenzi, umefika, kipenzi, na ule ukimya mrefu wa watu wawili ambao hakuna anayetaka kukata wa kwanza. Siku moja mchapaji aliutazama mfumo ule mgeni, akatambua kwamba hakuwa ameitazama ramani ukutani kwa wiki nzima. Alijisikia mwenyeji. Ilikuwa Jumatano, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama, enzi za ofisini, alikuwa na desturi yake. Faili ambalo hakutaka liguswe na mtu, aliliwekea nukta ya wino mbele ya jina. Ofisi nzima ilijua, nukta ya mama huyo ilikuwa na nguvu kuliko kufuli. Asubuhi ile mchapaji, kwa raha zake za uenyeji, akaona naye aiwekee folda ya mama nukta yake mbele ya jina. Akaigonga, na kidole kikiwa bado kwenye kibodi akaingia mzee mwenye hati ya kiapo. Macho yakaenda kwa mzee. Nukta ile akaisahau palepale, kitu chenyewe kidogo hivyo.

Mchana Bisibisi akapita. "Nimefuta takataka zilizokuwa zinakula nafasi," alisema akinawa mikono. "Itakimbia sasa."

Alhamisi asubuhi mchapaji akavuta kiti, akakaa wima kama alivyofundishwa, akatafuta folda ya mama. Haikuwepo. Akatafuta juu, akatafuta chini, akafungua kila kilichofunguka. Akapiga simu.

"Umemfuta mama yangu."

"Nini? Mpenzi, tulia. Sijaigusa ile folda."

"Jana umefuta. Umesema kwa mdomo wako."

"Nilifuta mabaki ya mfumo. Niache nije niangalie."

"Usije. Mashine yangu usiiguse tena. Nilikukabidhi kitu kimoja tu duniani, kimoja, ukakichanganya na takataka."

"Nisikilize basi."

"Nimekusikiliza miezi miwili. Inatosha."

Akakata. Shangazi, kwa mara ya kwanza, alimsogezea chai bila ushauri. Mchapaji alichapa siku nzima bila kosa hata moja, na machozi yakimdondokea kwenye kibodi. Saa saba ilifika, ikapita. Kesho yake vilevile. Siku tisa alifungua mlango kwa wateja bila sauti ya mtu yeyote kumwambia akae wima.

Siku ya kumi Shangazi aliweka bahasha juu ya meza. "Nilimkuta mlangoni nikifagia. Hakutaka kuingia."

Ndani mlikuwa na flashi na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa fundi, herufi zimelala kila upande. *Siku ile ya kwanza nilitoa nakala kabla sijagusa kitu, kwa kuwa niliogopa. Niliiweka kabatini kwangu. Zote thelathini na saba zimo. Sijasikiliza hata moja, ni zako. Sijui ilikuwaje, lakini sikufuta.*

Mchapaji alichomeka flashi. "Kwa mkurugenzi, mkato," mama akasema, na chumba kizima kikajaa. Shangazi alizima mashine ya kopi, akakaa, akafuta macho kwa upindo wa kitenge. Walisikiliza rekodi mbili nzima.

Halafu mchapaji akaanza kuinakili folda, aihifadhi vizuri safari hii. Ilipotulia mahali pake akafanya alichofanya mwanzo: akaweka nukta mbele ya jina. Safari hii hakukuwa na mteja. Macho yalikuwa kwenye kioo, na kompyuta ikamkatalia. Ikamjulisha kwamba jina hilo haliwezi kutumika, kwa sababu folda yenye jina hilo ipo tayari.

Alisoma mara tatu. Ipo tayari. Ipo wapi?

"Shangazi," alisema taratibu, "nimemsingizia mtu."

Angeweza kupiga simu, lakini maneno yale alitaka kuyasema ana kwa ana. Alilifunga kasha kwa kitenge kilekile cha zambarau, akafika jengo la mafundi, akaiona lifti na foleni yake, akapanda ngazi zote sita peke yake. Bisibisi alipoinua kichwa alimwona amesimama mlangoni anahema, miwani ncha ya pua.

Alilipokea kasha kwanza. Mengine baadaye.

"Niliweka nukta mbele ya jina," mchapaji akasema. "Ndivyo mama alivyofanya asipotaka faili liguswe. Nimekutukana kwa kosa langu mwenyewe. Nisamehe. Na asante, maana ungekuwa mwingine ungeniacha na hasira zangu."

Bisibisi aliiwasha mashine, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Folda ikajitokeza, imefifia kidogo, na nukta yake mbele.

"Mfumo huu ukiona nukta mbele ya jina, unaificha folda," alisema. "Ili asiyehusika asiiguse." Akamtazama. "Ulimtii mama yako. Wa kulaumiwa ni mimi, niliyekufundisha mishale yote nikasahau hilo."

Mchapaji alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, na Bisibisi akairudisha ile miwani mahali pake kwa kidole kimoja.

Jumatatu, saa saba kamili, Bisibisi aliingia chumba cha uchapaji kwa shati la pasi, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nina barua ya kuchapwa. Nitaisoma."

"Subiri." Mchapaji alifungua kinasa sauti kwenye kompyuta bila kutazama ukutani, akakiwasha. "Haya, soma."

Fundi akasafisha koo. "Kwa Shangazi mpendwa, mkato. Naomba kwa heshima nimuoe binti yako, nukta. Nitakaa naye vizuri, mkato, na simu zake za asubuhi nimeshazizoea, nukta. Aya mpya." Akakwama. "Aya mpya sijaiandaa."

Mashine ya kopi ilikuwa imenyamaza kitambo.

"Mwambie akae wima," Shangazi alimwambia mchapaji toka pembeni. "Halafu mwambie nimekubali, kama anayeolewa amekubali."

"Amekubali," alisema mchapaji, na vidole vyake vikalichapa neno hilo macho yakiwa kwa mteja.

Ilikuwa rekodi ya thelathini na nane. Aliiweka kwenye folda ya mama, akaipa jina, akaanza na nukta. Ikatoweka machoni, naye hakuwa na wasiwasi hata kidogo.