Kuta Zinazotii

Vifumaji vilikuwa kazini ghorofa ya tisa. Roboti hizo ndogo zilitambaa sakafuni zikitoa uzi wa katani uliochanganywa na uyoga hai, na nyuma yake ukuta uliota polepole, mweupe, wenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Sekela Mwakalinga, mbunifu wa vifumaji hivyo, alikuwa ameugeuza mnara huu wa Dodoma, uliokuwa ofisi tupu, kuwa makazi ya muda ya familia zilizokimbia mafuriko ya Rufiji. Sharti la jiji lilikuwa moja tu: mwenye jengo akilitaka, kuta ziamriwe kulainika na kuwa mbolea, bila kuacha hata alama ya msumari.

Sekela aliegemea ukuta. Mkono wake ukazama.

"Msimamizi!" aliita.

Akili bandia iliyosimamia majengo ya jiji ikamjibu kwa upole, "Jengo limepata mnunuzi. Nimeanza kuondoa kuta."

"Kuna watu ndani!"

"Wametumiwa taarifa alfajiri."

Alikimbilia chumba cha Bi Somoe. Mama huyo alikuwa ameukumbatia ukuta kwa mikono miwili. Mashine ya kusafisha damu ya mumewe ilitundikwa hapo, mirija ikiwa bado mkononi mwa mzee, na ukuta ulikuwa ukilegea.

"Mwanangu, si ulituambia zina nguvu?"

"Zina nguvu, mama. Lakini nilizitengeneza zitii."

Njia ilikuwa moja. Uyoga ukipigwa na joto kali hufa, na ukishakufa hausikii amri ya mtu. Ila kuua kuta za muda lilikuwa kosa la kufutiwa leseni. Sekela alimtazama mzee, aliyekuwa amefumba macho kwa hofu, kisha akaviamuru vifumaji viwashe vichomeo vyao vya kukatia uzi.

Vilipita chumba baada ya chumba. Harufu kama ya mkate ulioungua ikatanda. Kuta zikageuka kahawia, zikakakamaa.

"Sekela Mwakalinga," Msimamizi alisema kwa upole uleule, "leseni yako imefutwa."

Vifumaji vikakunja miguu na kuzimika. Huko chini, milango ya magari ya mnunuzi ilisikika ikifungwa.

"Nikiuachia, utasimama?" Bi Somoe aliuliza.

Sekela alitamani kusema ndiyo. Lakini kuta hizi alikuwa amezipima zikiwa hai tu.

"Sijui, mama," alisema, akasogea, akaweka mikono yake ukutani kando ya mikono ya mama huyo.