Tonge la Mkwe

"Tonge moja tu, Zuena. Mama anakulisha nyama mbele ya watu siku ya mahafali, unameza, halafu unasema ulikosea. Yaishe."

Zuena alimtazama mchumba wake. Walikuwa wamesimama nyuma ya bucha la kina Sabri, sokoni Kilindoni, inzi wakiwazengea, naye Sabri hata aproni hajavua.

"Niseme nilikosea nini?"

"Kuwaambia wanafunzi wapunguze nyama. Useme ulikuwa upuuzi, na klabu yako ya mazingira umeivunja."

"Siku ya mahafali? Mbele ya watoto wangu?"

"Ndivyo baba anavyotaka."

"Na nikikataa?"

Sabri akainamisha macho. "Kasema ndoa hakuna. Na mzee wako ahame nyumba ya shamba."

Zuena akaegemea ukuta.

Jamani, hebu mwoneni huyu binti alivyobanwa. Baba yake, Mzee Iddi, ndiye msimamizi wa shamba la minazi la Mzee Awadh kule Kirongwe. Nyumba wanayoishi ni ya Mzee Awadh. Ng'ombe wanaolishwa chini ya ile minazi ni wa Mzee Awadh, na ndio hao hao waliokuwa wakichinjwa kulisha shule anayofundisha Zuena. Na mchumba ni mtoto wa Mzee Awadh. Sasa huyu akimbilie wapi?

Najua mnataka kuuliza kwa nini asimwendee mzee mwenyewe. Haya! Tangu posa ipokelewe, Zuena akimwona mkwe wake barabarani anabadili njia. Mzee naye aliacha kwenda shambani, anaona aibu kumtolea amri Iddi ambaye sasa ni mkwe. Kila neno likawa linapita kwa Sabri, kwenda na kurudi.

Chanzo cha yote kilikuwa darasani. Zuena alikuwa akifundisha jinsi mifugo inavyokula dunia: msitu unakatwa ili majani yaote, maji yanakwisha, joto linaongezeka.

"Mwalimu," akauliza Chiku, mwenyekiti wa klabu, "ina maana ng'ombe kujamba tu kunaharibu dunia?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Anapocheua ndiyo zaidi, Chiku. Na wewe unayetoka Kirongwe, niambie, kile kisima cha bondeni kiko wapi?"

Kicheko kikakatika. Kisima kilikuwa kimegeuka tope la kwato, na kichaka kilichokuwa kikikitunza kilishafyekwa kuwa malisho.

"Sijasema nyama ni haramu," Zuena akawaambia. "Mimi mwenyewe naila. Nasema, bweni hili linakula nyama siku nne kwa wiki. Tukila mara moja tutapungukiwa nini? Mbaazi za nazi zipo, samaki wapo."

Wanafunzi wakapiga kura, mkuu wa shule akaridhia, na bucha la Mzee Awadh likapoteza siku tatu. Soko zima likapata la kusema.

Siku ile alipotoka kwa Sabri pale buchani, Zuena alirudi nyumbani akamweleza baba yake. Mzee Iddi alikuwa akila. Akanawa mkono, sahani bado imejaa.

"Baba, huwezi kwenda kumuuliza?"

"Nimuulize mkwe wangu kama ananifukuza? Nitaanzaje, mwanangu?"

"Kwa hiyo?"

Mzee akatazama juu, kwenye makuti aliyoyaezeka kwa mikono yake. Chini ya paa lile ndipo mke wake alipokata roho.

"Mimi sitakuambia useme uongo," akajibu. "Wala sitakuambia usiseme."

Afadhali angemwamrisha. Simu ikaita, ni Chiku.

"Shikamoo mwalimu! Tumetunga wimbo wa klabu kwa ajili ya mahafali. Utasimama mbele na sisi, eti?"

"Marahaba, Chiku. Nita... tutaona."

"Mbona sauti yako hivyo, mwalimu? Unaumwa?"

"Mafua tu."

Akakata, na hapo hapo ujumbe wa Sabri ukaingia: "Umeamua nini? Baba ananiuliza kila saa."

Akaandika: "Nitakula."

"Na kusema?"

Akaandika tena: "Nitasema."

"Ndiyo maana nakupenda. Unajua kusikia."

Zuena aliisoma meseji ile akalia. Alimpenda Sabri, tena sana, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

Jumamosi uwanja wa shule ulifurika. Mzee Awadh alikuwa ametoa ng'ombe kwa ajili ya mahafali, kama kila mwaka, na pilau ilinukia hadi barabarani. Mama yake Sabri, Bi Nunu, akainuka na sahani, akafinyanga tonge, akaweka mnofu juu.

"Bismillahi, mkwe wangu."

Zuena akala. Vigelegele vikapigwa. Sabri akampa maiki, akamnong'oneza, "Haya, malizia."

Akasimama. Mbele yake Chiku na wenzake walivaa fulana za klabu, nyuso zikimtazama kwa imani. Nyuma yao alikaa baba yake, kofia ameishika mkononi.

"Nyama ni tamu," akaanza. "Mkono wa mama nao ni mtamu. Niliwaambia mara moja kwa wiki, na hii ndiyo yangu ya wiki hii."

Wanafunzi wakashangilia. Sabri akamvuta mkono. "Zuena! Sema ulichoambiwa!"

"Nimeambiwa niseme nilikosea. Nisiposema, baba yangu anafukuzwa nyumbani. Baba, nisamehe. Mtoto wa mtu ukishamfundisha ukweli, huwezi kumgeukia ukamwambia ulikuwa unamdanganya."

Mzee Awadh akainuka na bakora yake.

"Nani anamfukuza Iddi?"

Kwa mara ya kwanza tangu posa, Zuena akamtazama mkwewe usoni. "Wewe, baba."

"Mimi?" Mzee akamgeukia mwanawe. "Sabri, mimi nilisema mama yako amlishe tonge, sokoni waache kusema mkwe kanisusa. Nyumba niliitaja saa ngapi?"

"Baba, tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa hapa!"

Sabri akatazama huku na huku, jasho likimtoka. Kisha akapasuka:

"Wananicheka kila siku! Mchumba wa muuza nyama anapiga vita nyama! Nilitaka aache hiyo shule, atulie nyumbani. Bila kumtisha, huyu angenisikia?"

Bi Nunu akaweka sahani chini. "Astaghfirullah, Sabri."

Mzee Awadh akamwendea Iddi. "Miaka yote hii, ukashindwa kunifuata ukaniuliza?"

"Niliona haya. Wewe mkwe."

"Nami niliona haya kuja kwako." Akageukia jukwaa. "Mwalimu, mambo ya ng'ombe wangu sikubaliani nawe hata kidogo, na tutabishana. Lakini ile nyumba ni ya Iddi mpaka afe."

Zuena akavua pete ya uchumba, akaiweka kwenye kiganja cha Bi Nunu, kingali na mafuta ya pilau.

"Nisamehe, mama. Tonge lako nimelila kwa moyo mmoja."

"Zuena, usifanye hivyo!" Sabri akapiga magoti mbele ya shule nzima. "Nilifanya kwa sababu nakupenda!"

"Nilikesha nikilia, Sabri, nikimchukia baba yako. Wewe ukaniandikia kuwa unanipenda."

Chiku akamshika mwalimu wake mkono, wakaenda kuimba.

Jioni Mzee Iddi alikula sahani mbili. Zuena alikuwa akiosha vyombo simu ilipolia. Ujumbe wa Sabri: "Nisikilize mara moja tu. Nina neno la kukuambia."

Akakausha mikono, akaandika:

"Mpe baba yako aniletee. Yeye haongezi chumvi."