Gari Lililomwita Fundi Mheshimiwa

Umma wote unatangaziwa kwamba hadithi hii ni matokeo ya utafiti mzito kuhusu ununuzi wa magari. Utafiti ulifanywa na jopo la wataalamu waliosafiri, wakapima na kujadiliana hadi jasho likawatoka. Kila neno humu limehakikiwa.

Kwa kweli jopo lilikuwa la mtu mmoja, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka jikoni hadi zahanati. Lakini jasho lilimtoka. Tuendelee.

Palikuwa na fundi vioo mmoja. Mtaani walimwita Kioo, naye aliitika. Kila asubuhi alitandika blanketi kuukuu juu ya meza yake ya kazi. Aliweka kioo juu yake, akavuta kalamu ya kukatia. Krii! Kisha alizuia pumzi, akagonga kidogo, na kioo kikaachana vipande viwili vilivyonyooka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini, na bado kila kioo kilipoachana alisema, "Loo! Umeona?"

Kioo alikuwa mtu wa kushangaa. Treni ikipita alivua kofia. Ndiyo maana mkewe ndiye aliyekwenda kupima madirisha ya wateja. Kioo akienda mwenyewe, alisimama dirishani akitazama nje hadi akasahau futi kamba mkononi.

Walikuwa pia na mtoto mmoja, mwanafunzi wa shule ya bweni, aliyekuja nyumbani kwa likizo. Mtoto huyo alikuwa na akili nyingi, sura ya kupendeza na adabu isiyo na mfano. Hatutamzungumzia sana, kwa kuwa hapendi sifa.

Mwaka huo Kioo alipata kazi kubwa. Zahanati ilihitaji vioo arobaini kwa ajili ya wodi ya wazazi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa makaratasi ya maboksi. Kioo na mkewe walipakia vioo kumi kwenye mkokoteni, wakavifunga kwa mablanketi, wakausukuma taratibu kama wamembeba mgonjwa. Barabara ilikuwa ya mawe. Walitoka na vioo kumi, wakafika na vitatu.

Muuguzi mkuu alivihesabu kwa macho.

"Fundi, ndiyo vyote?"

"Vingine vimebaki njiani, mama."

"Vinakuja?"

"Haviji. Vimebaki vipande vipande."

Muuguzi alimwonyesha wodi. Upepo ulipenya kwenye makaratasi, na kitoto cha siku mbili kikapiga chafya kama mzee.

"Umesikia mwenyewe," alisema muuguzi. "Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Ukishindwa, nampa kazi mwingine. Sina ugomvi na wewe, lakini hawa hawawezi kusubiri."

Nyumbani, mkewe alikaa mbele yake.

"Baba watoto, tununue gari."

Baba huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, lakini aliitwa hivyo kwa heshima.

"Gari!" alisema Kioo, kama aliyetajiwa mwezi.

"Akiba yetu ya miaka sita inatosha gari moja. Moja, si moja na nusu. Tukikosea kuchagua, tunarudi kwenye mkokoteni, na kazi ya zahanati imekwenda. Kwa hiyo usinishangae shangae huko."

Kesho yake walikwenda watatu hadi kwenye uwanja wa dalali wa magari.

"Bosi, karibu!" alisema dalali. "Hapa nina gari la nje."

Mama aligeuka huku na huku. "Magari yote yako nje. La ndani liko wapi?"

"La ng'ambo, mama. Limetumika kidogo tu, na mtu mstaarabu."

Lilikuwa gari dogo la viti saba, jeupe kama jino la mtoto. Dalali alibonyeza ufunguo akiwa mbali, na mlango wa ubavuni ukafunguka wenyewe, polepole, bila kuguswa. Kioo alirudi nyuma hatua mbili. Ndani palikuwa na runinga ndogo na viti laini. Dalali aliwasha injini. Haikusikika. Kilichosikika ni sauti ya mwanamke, laini, iliyosema sentensi moja kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua.

Kioo alivua kofia.

"Limesema nini?"

"Lugha ya huko lilikotoka, bosi," alisema dalali. "Sijui maana, lakini si unasikia ustaarabu wake?"

Hapo mwanafunzi wa bweni alisogea, akainamisha kichwa kidogo kama msomi.

"Baba, lugha hii tunafundishwa shuleni. Limesema: Karibu, mheshimiwa. Barabara yote ni yako."

Kioo aliishika kofia kifuani. Maisha yake yote wateja walimwita "wewe wa vioo". Hakuna aliyewahi kumwita mheshimiwa, na sasa ameitwa hivyo na gari.

"Lisemeshe tena," alimwambia dalali kwa sauti ndogo.

Dalali alizima na kuwasha. Likasema tena.

Wakiwa njiani kurudi, mama aliwapitisha kwenye duka la kiwanda cha magari cha nchini mwao. Palikuwa na pikapu mpya ya kijivu. Ilikuwa na sura ya kabati. Mlango wake ulifungwa kwa kishindo kama kifuniko cha sufuria. Muuzaji aliiwasha. Ilinguruma, basi.

"Hii hata salamu haina," alisema Kioo.

"Ina nafasi nyuma," alisema mama.

"Mke wangu, lile limeniita mheshimiwa!"

"Mimi nakuita baba watoto kila siku, umewahi kunivulia kofia?"

Kioo alikuwa amekwisha kumwahidi dalali kumpelekea pesa Ijumaa. Mama hakubishana. Alisema jambo moja tu: kabla hata senti haijatoka, mdogo wake alione gari.

Mdogo wake mama alikuwa fundi wa magari, mwanamke mrefu mwenye mafuta hadi kwenye nyusi. Watu walimwita Spana. Gereji yake ilikuwa na shimo la kukagulia magari kwa chini, na kwenye ukuta spana zilipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kama watoto wa shule mstarini.

Alhamisi dalali alileta gari jeupe gerejini, akaliwasha. Likasema sentensi yake, Kioo akavua kofia. Spana alicheka hadi akashika kiuno.

"Shemeji, unacheka heshima?" aliuliza Kioo.

"Heshima gani? Sentensi hii naisikia kila wiki. Mteja mmoja aliyesoma huko aliniandikia maana yake. Linasema: Kadi haijaingizwa."

"Kadi gani?"

"Kwao kuna barabara za kulipia. Kadi inakaa kwenye hiki kidude hapa. Haipo, kwa hiyo linalalamika."

"Kwa hiyo mimi naitwa…"

"Huitwi kitu, shemeji. Unadaiwa kadi."

Kioo alivaa kofia yake taratibu. Hapa swali la nani aliyetafsiri lingeweza kuzuka. Halikuzuka, kwa sababu mwanafunzi wa bweni aliangusha ndoo ya boliti kwa bahati mbaya kabisa, na watu wote wakainama kuokota.

"Basi magari ya nje ni mabaya," alisema Kioo akiwa ameinama.

"Nani kasema?" alijibu Spana. "Langu mwenyewe ni la nje, lina miaka kumi mikononi mwangu. Na nimewahi kutengeneza la hapa lililovuja mvua kama kikapu. Shemeji, usianze kuuliza gari limezaliwa wapi. Uliza kwanza unataka likufanyie nini."

"Kubeba vioo vilivyosimama. Kwenye barabara ya mawe."

"Haya. Hili ni refu la kutosha vioo kusimama?"

Mama alitoa futi kamba mfukoni, akapima. Havikuweza kusimama.

"Pili. Likiharibika, kipuri kinapatikana wapi, na kwa siku ngapi?"

Dalali alikohoa. "Huagizwa. Wiki mbili. Wakati mwingine sita."

"Tatu. Namba iliyogongwa kwenye bati la gari ilingane na namba ya kwenye karatasi. Isipolingana, ondoka hata kama linaimba."

Walilinganisha. Zililingana. Dalali alipumua.

"Nne," alisema Spana, "historia yake. Hapa mimi nahitaji taa na saa nzima chini ya gari. Lakini wewe, shemeji, huhitaji taa. Umevisoma vioo vyake?"

Kioo alimtazama kama aliyeamshwa. Siku zote hizo alikuwa ameliangalia gari lile kama mtu anayeangalia fataki. Hakuwa ameliangalia kama fundi.

Alipiga magoti kwenye mlango wa dereva. Kwenye kona ya chini ya kioo cha gari kuna alama ndogo: jina la kiwanda, na namba zinazoonyesha kioo kilitengenezwa lini. Watu hukaa na gari miaka bila kuiona. Kioo aliweka kidole juu yake, akasoma midomo ikichezacheza. Akaenda kioo cha nyuma. Kiwanda kile kile, mwaka ule ule. Cha mbele, vile vile. Akazunguka upande wa pili, kidole kikitembea. Akasimama.

"Hiki si ndugu yao," alisema.

Akasogea kwenye mlango ule wa kufunguka wenyewe. "Na hiki pia. Kiwanda kingine, miaka minne baadaye."

"Kioo kimoja kikitofautiana, labda ni jiwe tu lilikivunja," alisema Spana. "Viwili vya upande mmoja?"

"Hili gari liliumia upande huu," alisema Kioo. "Liliumia sana."

Spana alifunua zulia la upande ule. Chini yake bati lilikuwa na mshono mrefu wa kuchomelea, uliopakwa rangi nyeupe. Dalali aliuinamia, akauangalia, na uso wake ukabadilika.

"Wallahi, mzee, mimi nililipokea hivi hivi," alisema. Pengine ilikuwa kweli.

Kioo alikuwa bado amepiga magoti, anavitazama vidole vyake mwenyewe. Miaka ishirini vidole hivyo vimekata vioo vya watu. Hakujua kwamba vinaweza pia kusoma ajali iliyotokea nchi nyingine, mbali kuliko alikowahi kufika.

"Loo," alisema. Alisema mara moja tu.

Mchana ule ule walirudi kwenye duka la kiwanda, Spana akiwa nao. Kioo hakungoja muuzaji. Alipiga magoti kwenye mlango wa pikapu ya kijivu, akasoma. Kisha akaita, "Mama watoto! Njoo uone!"

Kiwanda kilichotengeneza kioo cha pikapu ndicho hicho hicho alikonunua vioo vyake kila mwezi. Alama ilikuwa ile ile aliyoifuta vumbi mezani kwake kila asubuhi.

"Na injini?" aliuliza.

Spana alifungua boneti. "Injini imetoka nje. Na lile jeupe, betri na matairi ni ya hapa."

"Kwa hiyo la nje lina viatu vya hapa, na la hapa lina moyo wa nje?"

"Ndiyo magari yalivyo, shemeji. Halipo la nyumbani tupu. Swali ni nani atalitengeneza likilala barabarani."

Vipuri vya pikapu vilikuwa kwenye rafu, nyuma ya muuzaji. Kulikuwa na dhamana ya maandishi, na mama aliisoma yote, hata maandishi madogo. Bado Spana hakuridhika. Alitaka waijaribu kwenye barabara yao wenyewe, na mzigo wao wenyewe. Walifunga fremu ya mbao nyuma, wakasimamisha vioo sita, wakaenda hadi zahanati na kurudi. Springi zililalamika njia nzima. Vioo havikusema kitu.

Wakainunua.

Wiki iliyofuata vioo vyote vilivyobaki, thelathini na saba, vilifika wodini vikiwa vizima. Kioo alivipachika siku tatu. Alipotoa karatasi la mwisho, jua liliingia hadi kwenye vitanda. Mzazi mmoja alimgeuza mtoto wake kuelekea mwangani, na mtoto akakunja uso wote. Hakupiga chafya.

"Hata kimoja hakikuvunjika?" aliuliza muuguzi mkuu.

"Hata kimoja," alisema Kioo, kofia mkononi.

Hapo ndipo hadithi ilipaswa kuishia. Umma umeshaelimika. Kwa bahati mbaya mama alikuwepo.

"Mwanangu," aliita. "Ile lugha mnafundishwa na mwalimu gani?"

"Mwalimu wa… lugha, mama," alisema mwanafunzi wa bweni.

"Sema kitu, tusikie."

Mwanafunzi alisimama wima, akainamisha kichwa, akasema haraka kwa sauti ya puani: "Hayakaa mezanitu onemaji!"

Mama alirudia polepole. "Haya. Kaa mezani. Tuone maji."

Basi, nimekamatwa. Yule mtoto mwenye akili nyingi na adabu isiyo na mfano ni mimi. Lugha ile siijui hata neno moja. Nilitaka gari lile kwa ajili ya siku ya kufungua shule, nifike getini, mlango ufunguke wenyewe, na bweni zima lishuhudie. Sikuwaza wodi. Miaka sita pia sikuiwaza. Nilipomwona baba amepiga magoti anasoma kioo kwa kidole, niliogopa. Niliona nimemchezea mtu mkubwa kuliko nilivyojua.

Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya wazazi wote wodini. Baba aliniangalia.

"Hilo neno mheshimiwa ulilitoa wapi?"

"Nililitunga, baba."

"Ulilitunga vizuri," alisema. Kisha akanipa ndoo na kitambaa, akanionyesha vioo vyote arobaini, ndani na nje.

Umma uniwie radhi kwa mwandiko; mikono imelowa. Nimefika kioo cha kumi na tisa.