Seremala Aliyekataa Kuzibwa Masikio

Fundi alishuka kwenye kitanda cha upasuaji, akaondoka na ngiri yake. Ilikuwa imevimba kinenani kama yai. Daktari alishamwonya: ikinasa, utumbo unaweza kuoza na yeye akafa.

Kilichomkimbiza ni hedifoni.

Fundi ni seremala. Msumeno wake wa umeme anauendesha kwa masikio kuliko macho. Ukifika kwenye fundo la mti, mlio unakuwa mzito. Ukigusa msumari, unapiga yowe. Kila anayeingia karakana anaambiwa, "Anayeziba masikio hapa ataondoka na vidole pungufu."

Sasa siku ile alikuwa amelala chali. Mhudumu akaja, akamvika hedifoni zenye muziki wa kinanda, bila neno. Ghafla Fundi hakusikia vyuma kwenye trei. Aliona barakoa zikichezacheza, hajui wanasema nini. Moyo ukaenda mbio, presha ikapanda. Akazivua.

"Mnanificha nini?"

Wahudumu wakatazamana. Kutazamana huko kulimtosha. Akadai nguo zake.

Nyumbani alimkuta shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyo ni kinyozi, na ulimi wake unakata kuliko wembe.

"Afadhali umekimbia, shemeji. Wanakupigia muziki usisikie wakigawana figo."

"Figo umezisomea wapi, kaka?" mke akauliza. "Kwenye kiti cha kunyolea? Baba watoto, twende tukamuulize mwenyewe anayelaza watu."

"Mwizi humuulizi kama ameiba," Fundi akajibu. Akarudi kazini.

Wiki ya tatu, akiinua ubao, maumivu yalimkunja mpaka sakafuni. Safari hii mkewe hakuuliza. Alimshika mkono, wakaenda hospitali. Daktari akakuta ngiri haijanasa bado, akawapeleka kwa anayelaza watu.

Mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuwa mwanamke mfupi, asiyezungusha maneno.

"Ule muziki ndio unalaza mtu?" Fundi akauliza, amegoma kukaa.

"Hapana. Dawa ndiyo inalaza. Sauti inapunguza woga tu. Mwenye woga mwingi presha yake hupanda, na pengine tunamwongezea dawa ya kumtuliza. Aliyetulia hana shida hiyo. Haimfai kila mtu, ila inawafaa wengi."

"Mbona mlinizuia kusikia?"

"Hapo tulikosea. Tungekuuliza kwanza. Sauti inapaswa kuwa ya chini, utusikie tukikusemesha. Na mgonjwa huchagua mwenyewe cha kusikiliza. Asipotaka, havai hedifoni."

"Nikishalala, nani anasikiliza mashine?"

"Mimi. Nakaa upande wa kichwa chako mpaka uamke. Mashine ya moyo ina mlio wake. Ukibadilika, najua hata kabla sijageuza macho."

Fundi akavuta kiti, akakaa.

"Na figo zangu? Shemeji yangu anasema mnazigawana."

"Ngiri iko mbele, figo ziko nyuma. Daktari akizitafuta huko atapotea njia, kaka yangu."

Mke akacheka. Fundi hakucheka. Aliuliza tena yote, kuanzia mwanzo, na mtaalamu akamjibu tena yote. Kisha akamwambia aje bila kula, kwa saa watakazompangia, na ataje kila dawa anayotumia, hata ya mitishamba.

Siku ya upasuaji, mke alikuja na simu. Alikuwa amerekodi karakana: sauti ya randa ikipita juu ya mbao. Shwaa. Shwaa.

Fundi alivaa hedifoni kwa mikono yake. Akamkazia macho mtaalamu.

"Sema kitu, nijue kama nakusikia."

"Shemeji yako yuko nje, anauliza figo zitatoka saa ngapi."

Hapo Fundi akacheka. Presha ilikuwa sawa. Dawa ikaingia mshipani. Randa ikapita, ikapita, na Fundi akalala kabla haijafika mwisho wa ubao.

Alipoamka alipapasa mgongo kwanza, ndipo akashika kinena. Uvimbe haupo.

Lakini hesabu ni hesabu. Shaka ile ilimgharimu wiki tatu za maumivu. Milango miwili ya wateja haikumalizika. Mkewe alibeba mbao hadi bega likavimba. Na nafasi moja ya upasuaji ilipotea: siku ile alipoondoka, kitanda kilikaa kitupu asubuhi nzima, na nje kulikuwa na wagonjwa kwenye foleni.