Kura ya Vehbi

Vehbi na mkewe Nazire walikuwa uani wakitoa kokwa za aprikoti. Vehbi hakuwa na raha. Kesho yake alikuwa akienda Ankara, kwenye mkutano mkuu wa chama, kwa niaba ya wanachama wa mji wao.

Rasim alikuwa amekiongoza chama miaka ishirini na miwili. Alianza vizuri. Alikuwa wakili kijana, akafungwa kwa kuwatetea wachimba makaa. Sasa alikuwa ameshindwa chaguzi saba, na kila akishindwa aliwalaumu wenzake. Wanachama walimwambia Vehbi, "Safari hii chagua mwingine. Chama kinatufia mikononi."

"Nitawezaje?" Vehbi alimwuliza mkewe. "Rasim ndiye aliyempakata mwanetu siku ya tohara. Kwetu huo ni undugu. Tena watu wake hudai picha ya karatasi ya kura. Kila mara nawapa."

Jirani yao, Bi Mualla, mwalimu mstaafu aliyesimamia chaguzi nyingi, alikuwa akiwasaidia. Akaacha kazi.

"Picha? Mwanamume mzima! Kura ni siri, Vehbi. Nyuma ya pazia uko wewe na Mungu wako. Hakuna mwenye haki ya kukuuliza."

"Na wakiniuliza?"

"Simu iache kwa mkeo. Undugu ni wako. Kura ni ya waliokutuma."

Kule Ankara, Vehbi alipiga kura peke yake. Kijana mmoja wa Rasim akamzuia mlangoni.

"Picha, mjomba?"

"Simu iko nyumbani. Na kura ni siri, mwanangu."

Rasim alishindwa kwa kura tisa. Waliombusu mkono asubuhi sasa walimpita bila salamu. Vehbi aliona uchungu, akamwendea. Rasim akamkumbatia huku analia.

"Wote wamenisaliti. Umebaki wewe tu. Kweli undugu ni kufaana."

Vehbi akamshika mkono, akamsindikiza hadi nje.

Majira ya kuchipua, chama kilishinda uchaguzi wa mji wao, mara ya kwanza kwa miaka mingi. Watu walicheza barabarani. Bi Mualla alicheza mpaka kiatu kikamvuka.

Kila Idi, Rasim huja kuwasalimu. Humshika Vehbi bega mbele ya wageni, akasema, "Huyu hakuniacha." Nazire huinama, akakusanya sahani. Vehbi hutabasamu, na siku nzima hagusi chakula.